Neno Nililomsomea Mshenga

Leah mwanangu,

Umeenda kusukwa kwa Mama Zuhura, na kwa jinsi nywele zako zilivyo nyingi najua hutarudi kabla ya adhana ya magharibi. Nimefunga mlango wa uani, nimekaa kwenye meza uliyokuwa unasomea, naandika kwa kalamu yako. Nimeandika ubaoni miaka mingi mbele ya watoto wa watu, lakini barua hii nimeianza mara tatu.

Mambo ya safari tumeshayamaliza. Godoro, ndoo, vyeti, namba ya mjomba wako wa Mwanza, vyote unavijua kuliko mimi, na sitavirudia. Ninachotaka kukueleza ni kwa nini jana maharage yaliungua.

Ulikuwa unapanga vitabu kwenye begi, nami nikakupa ile kamusi yangu ndogo ya Kiingereza yenye jalada la buluu, lile lililobandikwa gundi mara mbili. Nilikupa bila kufikiri. Karatasi iliyokunjwa mara nne ikaanguka miguuni kwako.

"Mama, hii ya nani?"

"Ya mama yako mkubwa Eliwaza. Ya zamani sana. Irudishe humo humo."

Hukuirudisha. Uliikunjua ukaisoma, kama unavyosoma siku hizi kila kitu chenye harufu ya hospitali. Ukafika kwenye lile neno, cryptogenic, ukakunja uso. "Hili silijui," ulisema. Ulilisema huku unatafuna karanga, kama mtu anayesema hana chumvi aende akaazime kwa jirani. Ukachukua simu yako, ukaandika, ukasubiri mtandao.

"Kumbe ni neno la madaktari wa zamani. Siku hizi hawalitumii sana."

"Linasemaje?"

"Linasema hawajui."

"Hawajui nini?"

"Kilichomletea kifafa. Wanaliandika wakiamini chanzo kipo mahali fulani ila kimejificha, wamepima hawajakiona." Ukacheka. "Neno lote hili refu, mzee wa watu anasema tu sijui. Madaktari nao wana mambo."

Nikakuuliza kama ndani yake hamna habari ya kurithi. Uliinua macho kutoka kwenye simu. "Hamna, Mama. Kipo kifafa kinachorithiwa, lakini neno hili halisemi hivyo. Kwani vipi?"

Nikasema naenda kutazama maharage. Nilikwenda kweli. Nilikaa jikoni juu ya ndoo, nikayaona maji yanakauka, nikayaona yanashika chini na kutoa moshi, na sikuweza kunyoosha mkono kuyaepua. Ukaja wewe ukaepua. "Mama, una homa?" Nikakujibu kuwa ni moshi.

Sikuwa na homa. Nilikuwa nimesikia maana ya neno ambalo nililisomea watu nikiwa kidato cha tatu, na nililisoma vibaya, na sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Tangu jana mwili wangu haujarudi sawa. Nikiosha kikombe nasimama nacho. Asubuhi nimevaa kanga nje ndani mpaka ukanicheka.

Wewe unamjua Eliwaza kama mama yako mkubwa wa Kinampanda, yule mwenye mkono wa kushoto uliokunjamana, anayetutumia karanga na vitunguu. Baba yake na baba yangu walizaliwa tumbo moja, nyumba zetu zilikuwa uwanja mmoja. Mimi na yeye tumelala kitanda kimoja mpaka nilipokwenda bweni. Alimaliza la saba hakuchaguliwa. Mimi nilichaguliwa, na siku ya kwanza yeye ndiye aliyebeba tranka langu kichwani mpaka barabarani, akipiga kelele njiani, "Pisheni, Mwalimu anapita. Pisheni, jamani, mtamchafulia soksi." Sikuwa mwalimu bado. Yeye ndiye aliyenipa jina hilo, na kijiji kizima kikalishika.

"Wewe soma," aliniambia siku hiyo. "Mimi nitapika. Ukifika huko juu unitafutie mume mwenye miwani."

Mume alimpata mwenyewe, hakuhitaji miwani. Alikuwa fundi ujenzi wa kijiji cha pili, kijana mpole, na mshenga alikuwa amekwisha kuja mara mbili na ng'ombe walikuwa wameshatajwa. Ndipo msimu wa kupura alizeti Eliwaza akaanguka shambani. Akaanguka tena wiki iliyofuata, kisimani, mbele za watu. Baba mkubwa akampeleka hospitali, wakakaa huko siku kadhaa, wakarudi na vidonge kwenye bahasha na hiyo karatasi.

Mimi nilikuwa likizo. Mshenga alikuja Jumamosi. Nataka ujue kwamba hakuja kwa ubaya, alikuwa mzee mwenye adabu zake. Alisema upande wa kijana wamesikia habari ya kuanguka, na kwa kuwa mtoto amepimwa na wataalamu, basi wao watafuata yatakayosemwa na karatasi. Kama ni ugonjwa wa kutibika, harusi ipo palepale. Mama Eliwaza alikuwa ameshachinja jogoo. Harufu ya mchuzi ilikuwa inaingia sebuleni.

"Mwiteni Mwalimu atusomee," akasema baba mkubwa.

Wakati ule kila karatasi ya Kiingereza uwanjani kwetu ilikuja kwangu. Maandishi ya kwenye mfuko wa mbegu, kopo la dawa ya ng'ombe, barua ya shule. Nilikuwa nasoma, naeleza, na wazee wanaitikia kwa kichwa. Nilipenda sana vile vichwa vyao vilivyoitikia, mwanangu. Niliingia, nikawaamkia mmoja mmoja, nikapewa kigoda katikati.

Nilisoma jina, umri, tarehe. Nikasoma kwamba ana kifafa, hilo walilijua tayari. Nikafika kwenye neno lililokaa mbele ya kifafa. Nikalitamka vizuri. 

"Ndiyo hasa ugonjwa wenyewe huo?" mshenga akauliza. "Maana yake nini, binti yangu?"

Shuleni kwetu, aliyejibu "sijui" alisimama mpaka kengele. Mimi nilikuwa sijawahi kusimama. Na muhula ule ule tulikuwa tumesoma kwenye biolojia namna mtoto anavyochukua rangi ya macho na kimo cha mzazi wake. Mwisho wa lile neno, genic, nikaona kitu kinachofanana na genetics tuliyoisoma. Sikuwa na hakika hata kidogo. Nilikuwa na wazee wanne wananitazama mdomo.

Nikasema, "Ni ugonjwa wa kurithi. Uko kwenye damu ya ukoo."

Hakuna aliyeitikia kwa kichwa. Nilimwona baba yangu ananitazama, na baba mkubwa ananitazama, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kuwa ukoo nilioutaja ni wao, ni mimi, ni wadogo zangu wote wa kike waliokuwa wanacheza nje. Mshenga akakohoa.

"Upande wa baba au wa mama?"

Hapa ndipo nilipotaka ufike, Leah. Jibu la kwanza naweza kusema lilikuwa ujinga wa mtoto wa shule. Hili la pili nililitunga nikijua natunga. Karatasi haikuwa na kitu kama hicho, mahali popote. Niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta mstari, nikasema, "Wa mama."

Mama Eliwaza aliolewa kwetu kutoka Mkalama. Pale uwanjani hakuwa na ndugu hata mmoja. Alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, amekuja kuuliza kama chakula kiletwe. Alinisikia. Aligeuka akarudi jikoni.

Mshenga akainuka. "Nashukuru, wazee wangu. Niwahi, giza lisinikute njiani." Jua lilikuwa la utosi. Tulikisikia chungu kinachemka jikoni, na mgeni anaondoka bila kuonja. Wewe umekulia mjini, huenda huoni uzito wake. Kwetu mshenga akimwacha kuku jikoni, hahitaji kutuma ujumbe mwingine.

Kuku yule tulikula sisi watoto. Baba mkubwa alikaa na sahani yake bila kuigusa, kisha akaitoa firigisi, ambayo ni yake yeye mwenye nyumba, akaniwekea mimi. "Mpeni Mwalimu," alisema. "Habari ni mbaya, lakini ameisoma sawasawa." Nikaila. Nakumbuka nilivyoila, haraka, na ilivyokuwa ngumu.

Jioni Eliwaza alinifuata pale nilipokuwa naosha vyombo.

"Kumbe ni damu," akasema. Alikuwa anajaribu kucheka. "Basi na wewe unayo, Mwalimu. Tutaanguka wote, nani atatuinua?"

"Ni ya upande wa mama yako," nikamwambia.

Aliacha kucheka. Akatazama jikoni, mama yake alikuwa ameinama anafagia majivu. "Usimwambie," akasema kwa sauti ndogo.

Sikumwambia kwamba ameshasikia.

Yaliyofuata nitayaandika kwa kifupi maana nikirefusha sitamaliza. Baba mkubwa alivisimamisha vidonge. Alisema dawa haiwezi kuosha damu, ni kumsumbua mtoto bure. Nilikuwepo aliposema, na sikufungua mdomo. Nilirudi shule. Kiangazi hicho hicho Eliwaza aliangukia mafiga akiwa peke yake na ugali motoni. Ulipokuwa na miaka minne uliuogopa ule mkono, ukaniuliza alifanyaje, nikakujibu aliungua akiwa mtoto. Hakuwa mtoto. Alikuwa msichana wa kuolewa, na angekuwa nyumbani kwake.

Fundi alioa kwingine. Miaka mingi baadaye muuguzi mmoja wa zahanati alimrudisha Eliwaza kwenye vidonge, vilevile vya kwanza, na mpaka leo hajaanguka tena. Nilifurahi nilipopata habari. Nilifurahi, nikaendelea kusahihisha madaftari. Sikuweka mambo mawili pamoja, vidonge na neno langu lililovisimamisha, au niliyaona yanakaribiana nikayatenganisha.

Mama Eliwaza alikufa wewe ukiwa darasa la pili. Ulikuwepo mazishini, ulilala mapajani kwa shangazi yako. Maisha yake yote aliishi pale kama mtu aliyeleta kitu kibaya nyumbani kwa watu. Harusi ya mtoto wa mtu ikiandaliwa, yeye alikaa nyuma. Mara moja tu alisema nami habari hiyo. Tulikuwa tunapepeta uwele, akaniuliza, "Mwalimu, kule kwetu nimewauliza mpaka bibi zangu. Hakuna anayemkumbuka mtu aliyeanguka. Karatasi haikutaja jina?" Nikamjibu, "Hapana, Mama. Haikutaja jina." Huo ndio ukweli pekee niliowahi kumwambia kuhusu ile karatasi.

Utaniuliza kwa nini niliihifadhi. Siku ile baba mkubwa alitaka kuitupa, nikamwomba, akasema chukua, ya nini tena. Niliporudi shule nililitafuta neno kwenye hiyo kamusi ya buluu. Halimo. Kamusi ni ndogo. Mwalimu wa biolojia alikuwepo, alikuwa mtu mwema, mlango wake ulikuwa wazi kila jioni. Nilifika mpaka mlangoni nikiwa na karatasi mfukoni. Nikamuuliza habari za mtihani. Niliogopa angesema nimekosea, na nikishajua nimekosea ingenibidi nirudi kwenye kile kigoda.

Tangu hapo nimekuwa na vitabu, nimekuwa na cheti, nimekuwa na simu mkononi usiku na mchana. Nimetafuta humo bei za vitunguu na mitindo ya vitenge. Wewe ulitumia muda wa kutafuna karanga tatu.

Kitu kingine cha ajabu ni kwamba uongo wangu nilikuja kuuogopa mwenyewe. Ile habari ya upande wa mama nilijua nimeitunga, kwa hiyo iliyobaki kichwani mwangu ilikuwa damu ya ukoo, yaani yangu na yako. Kila ulipopata homa ulipokuwa mdogo nilikaa nikikutazama macho, kama yatageuka. Baba yako alidhani napenda sana mtoto. Nilikuwa nasubiri adhabu.

Na darasani, Leah. Hili limenijia leo asubuhi nikichota maji, nikaweka ndoo chini. Mtoto akinijibu "sijui", huwa namwacha amesimama. Namwambia afikirie. Kuna mmoja mwaka huu, kabinti kadogo ka huku huku Mandewa, nilikaacha kasimame mpaka kakatoa jibu lolote, la uongo, ili kakae. Nikasema, afadhali umejaribu. Nikawaambia wenzake wakapigie makofi.

Unakwenda kujifunza udaktari. Mimi sina la kukufundisha kuhusu kazi hiyo, sijui hata utaanzia wapi. Najua tu upande wa pili wa karatasi, mahali inapofika. Siku moja utaliandika neno la namna hiyo, au lile jipya lililochukua nafasi yake. Litakuwa sahihi. Litaeleweka kwa wenzako waliovaa makoti meupe. Kisha mgonjwa ataikunja mara nne, atapanda gari, atafika kijijini, na huko ataitwa msichana wa kidato cha tatu.

Daktari yule wa Eliwaza aliandika ukweli. Nimemfikiria usiku kucha. Alipima, hakuona kitu, akakubali kwamba hakuona, akaandika hivyo. Kilichopungua ni kumgeukia baba mkubwa pale kitini na kumwambia kwa Kiswahili, mzee, hatujui kilichomletea, lakini vidonge hivi asiviache. Labda alisema, baba mkubwa hakusikia. Hapo nami naanza tena kutafuta wa kumtupia lawama. Niache.

Kwa sababu jambo linalonishtua mpaka sasa, linalonifanya nisimame na kikombe mkononi, ni dogo sana. Nilikuwa na jibu. Kama ningefungua mdomo pale kwenye kigoda nikasema neno lililokuwa kichwani mwangu kwa kweli, ningesema "sijui", na hiyo ndiyo ingekuwa tafsiri yenyewe. Ningekuwa nimeisoma karatasi sawasawa kuliko mtu yeyote. Mshenga angebaki, kuku angeletwa. Nililiruka neno lile lile lililoandikwa.

Jana ulisema "hili silijui" na hukutafuta pa kuweka uso. Sijui ulijifunza wapi, ila si kwangu. Kaa nalo hivyo hivyo. Huko watakuwepo watakaokusimamisha kwa ajili yake, na wengine watakuwa na majina makubwa. Simama mpaka kengele.

Asubuhi hii, ulipokuwa bado umelala, kijana wa gari la Kiomboi aligonga akaniachia jogoo amefungwa miguu na kifurushi cha karanga. Eliwaza ametuma. Kwenye kipande cha boksi ameandika kwa mkono wake, "Za daktari wetu, ale njiani." Ulipoamka ukamwona jogoo ukasema tumchinje leo leo. Ndiyo, tutamchinja ukirudi, tutamkaanga uende naye. Zawadi yake hairudishwi. Ila mimi usinipe firigisi.

Nimepiga simu stendi. Kesho tunapanda basi moja, mimi nitashuka Misigiri. Nilikuambia nakusindikiza tu hadi stendi, nisamehe, nilikuwa bado sijaamua. Barua hii nitakupa nikishuka, uisome ukiwa umekaa, ukiwa na safari ndefu mbele yako ya kunikasirikia. Hiyo karatasi ya hospitali nimeitoa kwenye kamusi. Ninayo kwenye pochi, naipeleka kwa mwenyewe. Kamusi chukua, ingawa umeshaona haitoshi.

Kutoka Misigiri nitachukua gari la Kiomboi, kisha bodaboda. Nikifika Kinampanda, Eliwaza atafanya anavyofanya siku zote. Ataita, "Mwalimu amekuja, pisheni." Atakimbiza kuku kwa ule mkono mmoja mzima na atakataa kusaidiwa. Miaka yote nimengoja tule kwanza, na tukishakula huwa nimeshapoteza ujasiri. Safari hii nitasema kabla hajawasha moto. Nitaanza na nililomtendea marehemu mama yake, halafu nililomtendea yeye. Nitamsomea karatasi upya, neno kwa neno, mpaka lile. Halafu nitakaa nione kama ataniwekea sahani.

Nasikia sauti yako kwa Mama Zuhura, unacheka. Nakunja barua.

Ukiniuliza ataniambia nini, mwanangu, sijui.

Mama yako